Wimbo Usioandikwa wa Theodis Lockridge

Theodis Lockridge alikuwa na kichwa kikubwa, na sote tuliomjua tulimtania kwa hilo, mimi nikiwa mstari wa mbele. Kinyozi wetu wa Mtaa wa Pili, Oklahoma City, alikuwa akimwambia kila Jumamosi kwamba kichwa kile ni kazi ya vinyozi wawili. Lakini ndani ya kichwa hicho zilikaa nyimbo arobaini na tatu za bendi ya Burl Hutchens, kila wimbo na sehemu zake kumi na nne, kila mpigaji na yake, na hapakuwa na hata nusu karatasi iliyoandikwa. Nimepiga na watu waliosomea muziki, nimepiga na watu waliotoka New York na viatu vya rangi mbili na maneno mengi, na sijaona tena kichwa kama kile. Simsifu kwa sababu amekufa. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulimponza, nitausema. Wangu pia nitausema, maana mimi sikuwa malaika pale.

Naitwa Eulis Gaddy, nilipuliza tromboni ya tatu. Tromboni ya kwanza hupewa fundi, ya pili hupewa mtu anayetaka kuwa wa kwanza, na ya tatu hupewa mtu anayejua kuhesabu. Unakaa, unahesabu mapigo, unatoa sauti mbili za chini, unakaa tena. Burl Hutchens mwenyewe alikuwa kiongozi wa kusimama mbele: mrefu, sura nzuri, suti haikunjiki, kijiti mkononi. Hakujua kutunga hata mluzi wa kumwita mbwa. Kila aliyecheza dansi kati ya Wichita na Amarillo alidhani zile nyimbo ni za Burl, kumbe mtungaji amekaa kiti cha pili katika safu ya saksafoni, anafuta miwani.

Siku za mwanzo Theodis alitufundisha sote pamoja. Asubuhi, ukumbi bado unanuka bia ya jana na viti viko juu ya meza, anapita nyuma yetu, anainama sikioni kwako, anakuimbia sehemu yako mara mbili. Mara ya tatu unapuliza mwenyewe, naye ameshahamia kwa jirani. Kufika saa sita mchana wimbo umesimama. Bendi nyingi za kwetu ziliishi hivyo, wala hatukuona ajabu.

Mambo yalibadilika mwaka 1936. Palikuwa na bwana mmoja mgeni aliyekuja kwenye dansi zetu siku tatu mfululizo, akasimama chini ya jukwaa na penseli na daftari. Tulidhani ni mwandishi wa gazeti. Burl akamtafutia kiti, hata soda akamnunulia. Baada ya miezi mitatu tuko kwa kinyozi, Theodis ana povu mashavuni, redio ikaanza kupiga wimbo wake. Wake kabisa, hadi ule mwanzo wa tarumbeta aliokuwa ameuhangaikia wiki nzima. Akainuka na povu lake, akasimama mbele ya redio mpaka mwisho. Mtangazaji akataja jina jingine la wimbo na jina jingine la mtunzi. Theodis akafuta uso kwa taulo, upande mmoja umenyolewa na upande mmoja bado, akatoka nje. Hakuna aliyethubutu kumtania siku hiyo.

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Aliacha kutufundisha pamoja. Alikuita peke yako katika chumba cha nyuma, akafunga mlango, akakupa yako, na ukitoka huruhusiwi kumwimbia mwenzako. Kisha akaanza kuzikatakata nyimbo zenyewe. Hakumpa tena mtu mmoja sauti kuu aipige tangu mwanzo hadi mwisho. Alimpa tarumbeta sauti tatu, saksafoni ya mwisho mbili, tromboni moja, halafu kinanda kikajibu, na mwenye kusimama ukumbini ndiye pekee aliyesikia wimbo mzima. Mwenye penseli angesikia vizuri sana na asingejua amfuate nani. Sisi tuliokaa jukwaani tulisikia vipande tu, na kila mmoja alishughulika na kuhesabu asije akakosa zamu yake.

Sasa nimtaje Ozella, maana bila yeye haya yote yangekuwa habari za bendi tu, na habari za bendi ziko nyingi.

Ozella alikuwa mkewe. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la watakatifu, wale wasiocheza, wasiovuta, wasiokunywa, na Ozella akiwa na miaka kumi na minne aliweka nadhiri mbele ya kanisa kwamba hataingia ukumbi wa dansi maisha yake yote. Usimdhanie mtu wa kununa. Alikuwa mcheshi kuliko sisi. Alitupigia pasi mashati yote kumi na manne, na alituambia usoni nani anatoa jasho la uwongo na nani la kazi. Alitupikia kambare na mboga na mkate wa mahindi kila tuliporudi safari. Lakini muziki wetu hakuwahi kuusikia. Waliishi nyumbani kwa mchungaji, na mchungaji alikuwa amesema chombo kile hakitavuka kizingiti chake, kwa hiyo saksafoni ya Theodis ililala kwa kinyozi kama mpangaji. Miaka kumi na moja ya ndoa, na mke hajasikia mumewe anafanya nini anapotoka nyumbani.

Jambo hilo lilimuuma Theodis kuliko alivyoonyesha. Siku moja ya baridi mwaka 1940, tuko kwenye basi kati ya Muskogee na nyumbani, aliniambia kwamba amemaliza kumtungia Ozella wimbo. Nikamuuliza atausikiaje, labda asimame nje dirishani kama paka. Hakucheka. Alisema utatiwa kwenye santuri. Ukumbi ndio haramu, santuri si ukumbi, na alikuwa ameshamuuliza Ozella mwenyewe, naye amesema atasikiliza siku baba yake akienda mkutano wa kanisa.

Bendi nzima tuliuita "Wa Mke". Mara ya kwanza tuliupiga Tulsa, na watu waliacha kucheza. Kwa kawaida watu wakiacha kucheza kiongozi hutokwa na jasho, lakini hawa hawakwenda kukaa. Walisogea mbele, wakasimama wameshikana mikono vilevile, wakatazama juu. Wahudumu waliweka sinia chini. Tulipomaliza, Burl aligeuka kututazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na hajui mwenyewe ni nani. Nilikuwa na sehemu yangu: sauti nne za chini, kunyamaza mapigo thelathini na mawili, sauti mbili, kunyamaza kumi na sita, sauti moja ndefu. Nilijivunia ile moja ndefu.

Kiangazi cha 1942 chama cha wanamuziki kilitoa amri kwamba kuanzia tarehe mosi Agosti hakuna mwanachama atakayepiga kwa ajili ya santuri, mpaka waelewane na kampuni. Basi kampuni zikaanza kukusanya nyimbo kama watu wanaosikia kwamba bomba la maji litakatwa. Waliita hata bendi za kwetu ambazo hawakuwahi kuziona. Burl alipata telegramu: Chicago, Alhamisi tarehe thelathini Julai, nyimbo nne. Theodis alipompa Ozella habari hiyo, Ozella aliazima gramafoni kwa jirani wiki hiyohiyo, akaiweka juu ya meza ndogo chumbani kwao na kuifunika kitambaa, baba asiulize.

Chumba cha Chicago kilikuwa joto la kuokea mkate. Feni walizima kwa sababu ya kelele. Mbele yetu palikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo mafundi wa kampuni, na juu yake taa nyekundu iliyowaka tunapotakiwa kupiga. Tulimaliza nyimbo tatu bila taabu. Wa nne ulikuwa ule wa Ozella. Theodis alikuwa ameweka miwani mfukoni.

Mimi ndiye niliyemwona yule kijana. Kijana wa kizungu mwenye shingo nyembamba, nyuma ya kioo, ameinama anaandika. Tukipiga anaandika. Tukinyamaza anainua macho, anatutazama, anaandika tena. Nilimvuta Theodis mkono wa shati.

"Theo, mwone yule," nikamwambia. "Anaandika."

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Theodis alitazama kioo, na uso wake ukarudi kuwa ule wa kwa kinyozi. Akasimama akaenda kwa Burl, akamwambia huu hatupigi, tupige ule wa kambare. Huo wa kambare ulikuwa kichekesho tulichotumia kumalizia dansi, mpiga ngoma wetu Snead akipiga kelele za muuza samaki katikati. Burl alidhani anataniwa. Alimkumbusha kwamba keshokutwa mlango unafungwa na haijulikani utafunguliwa lini.

"Utafunguliwa," Theodis alisema. "Wimbo ukishaibwa ndio haurudi."

"Na mkeo?"

"Mke wangu ananijua."

Burl angefanya nini? Mwenye kuanzisha wimbo ule alikuwa Theodis, na wengine wote walijua vipande vyao tu. Akatupa mikono, akasema haya, kambare.

Wakati wakijipanga mimi nilitoka kunywa maji. Mlango wa mafundi ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na meza ya yule kijana ilikuwa pale pale mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa amegeuka anaongea na mtu. Nikatazama karatasi yake. Palikuwa na tarakimu, dakika na sekunde za kila wimbo, kwa sababu upande mmoja wa santuri hauchukui zaidi ya dakika tatu na lazima mtu apime. Chini yake alikuwa ameandika chakula cha mafundi: mikate miwili ya nyama ya nguruwe, mmoja wa jibini, kahawa nne. Hapakuwa na alama moja ya muziki. Nadhani kijana yule hakujua hata kuisoma.

Nilirudi. Wote walikuwa wamekaa, taa haijawaka. Palikuwa na muda wa kusema, na nautaja muda huo kwa sababu nimeupima mara nyingi tangu siku ile. Ningeweza kuvuka hatua sita nikamwambia Theo, nimekosea, anaandika mikate. Lakini nilimtazama Snead, na nikajua Snead angelichukua neno hilo na kulipiga mwaka mzima, kwenye basi, kwa kinyozi, mbele ya wanawake: Gaddy na mikate yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na niliogopa kuchekwa. Nikakaa, nikaweka tromboni mdomoni. Taa ikawaka.

Santuri ilifika Septemba. Mchungaji alikuwa amesafiri kwenda mkutanoni, na Theodis aliniomba niende naye nyumbani, nadhani kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Ozella alikuwa amevaa nguo ya Jumapili, siku ya Jumanne. Theodis alianza kumwambia, lakini Ozella alikuwa tayari ameshusha sindano. Akasikiliza wimbo wote wa kambare, Snead akipiga kelele, tromboni zikiguna kama nguruwe, mkono wake shavuni. Ulipokwisha alimgeukia mumewe akitabasamu, na macho yana machozi.

"Ni mzuri, Theo," alisema. "Una furaha. Sikujua unaniona mtu wa furaha hivyo."

Nilitamani sakafu ipasuke. Theodis alimwambia kwamba si huo.

"Wangu uko wapi?"

"Upo." Akagusa kichwa chake. "Upo salama."

"Salama kwa nani?"

Ozella alimwomba basi amwimbie kwa mdomo, hapo hapo, kidogo tu. Alikataa. Alisema wimbo ule si wa mdomo mmoja, kuuimba peke yake ni kumpa mtu kifungo ukamwambia amepata koti. Angoje tu, amri itaondolewa, watarudi Chicago na kumletea koti zima. Ozella aliirudisha santuri kwenye bahasha yake, akaenda kutupakulia chakula. Hakumlaumu. Laiti angemlaumu.

Amri ilidumu miaka miwili na zaidi. Kabla haijaondolewa, bendi ilikuwa imeshakwisha. Barua za jeshi zilianza Oktoba, na kufikia majira ya machipuko tulikuwa tumeondoka saba. Mimi nilipelekwa Uingereza kupakua meli. Snead alizama na meli yake, na ulimi wake wote. Mpiga tarumbeta wa kwanza alirudi bila meno ya mbele. Wengine walikwenda California kwenye viwanda na hawakuandika. Theodis alikuwa na umri mkubwa na macho mabaya, wakamwacha, na Burl alimletea vijana wapya wajaze viti. Nyimbo nyingine aliwafundisha. Wa Ozella hakuwafundisha. Alisema hawafahamu vijana hao, watauuza.

Niliporudi, kumbi zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Watu walikaa nyumbani na watoto wao wapya, au walikwenda kusikiliza mwimbaji mmoja na watu watatu nyuma yake. Hakuna aliyetaka tena kulisha wanaume kumi na wanne na basi. Burl aliuza bima. Theodis alipata kazi machinjioni, chumba cha barafu, na nilipomwendea huko nikamkuta amevaa makoti mawili, kichwa kimefungwa skafu ya mkewe. Nilimwambia acha tuutoe ule wimbo, tuupige hata kwa mashine ya mtu binafsi, ziko siku hizi, unakata santuri moja unampelekea Ozella. Akasema nilete watu kumi na wanne.

Nilizunguka mwaka mzima. Nilipata tisa. Wanne kati ya hao walikuwa wameshasahau vipande vyao, lakini yeye angewakumbusha. Alikataa tisa. Nilimwambia Theo, tisa ni watu. Akasema kumi na wanne au basi. Nilimkasirikia sana, nikakaa miezi mitatu bila kumtembelea, na katika miezi hiyo, Februari 1948, kiharusi kilimwangusha mlangoni mwa chumba cha barafu. Alipozinduka mkono wa kulia ulikuwa umekufa na kinywa hakitoi neno. Hata kuguna wimbo hakuweza. Sauti ilitoka moja tu, na ilikuwa ileile ya kuomba maji na ya kukataa uji.

Ozella alimpa penseli katika mkono wa kushoto. Alichora mistari iliyopanda na kushuka, kurasa na kurasa, na Ozella alizipeleka kwa mwalimu wa muziki wa shule, akaambiwa kwa upole kwamba si kitu. Akazitunza hivyo hivyo. Baadaye Theodis aliacha penseli akaanza kugonga meza kwa vidole vya kushoto. Nilimtambua mara moja: zilikuwa ni funguo za saksafoni, nusu ya juu. Nilikwenda kila Jumapili mchana nikakaa mbele ya mkono ule. Lakini mkono wa kushoto pekee haukwambii sauti, unakwambia sauti sita zinazowezekana, na nusu nyingine ilikuwa imelala juu ya paja lake. Nilijaribu kwa miezi. Sikupata hata kipande cha urefu wa kidole.

Ozella hakuyajua hayo. Alisimama na bakuli la viazi akitazama vidole.

"Anaupiga, sivyo, shemeji? Ni wangu huo?"

"Ndiyo, shemeji. Ni wako."

"Naona ni wa taratibu," alisema, akafurahi.

Jumapili moja, Ozella akiwa bado kanisani, nilimwambia Theodis habari za mikate. Nilimwambia yote, dakika na sekunde, nyama ya nguruwe na jibini, na kwamba nilijua kabla taa haijawaka. Niliungama kwa mtu asiyeweza kunitukana, na huo nao ni uoga. Alinitazama muda mrefu. Hakulia. Aliuondoa mkono wake wa kushoto mezani, akauweka juu ya ule uliokufa, na tangu siku hiyo hakugonga tena. Ozella aliniuliza wiki nyingi kwa nini ameacha, na mimi nikasema labda amechoka.

Alikufa Oktoba 1951. Mchungaji alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Ozella, na kizingiti kilikuwa chake. Baada ya mazishi wanawake wa kanisa walijaa sebuleni na nyama na mboga na keki za viazi vitamu. Ozella aliniita nikae kiti cha mbele. Alikuwa ameshaniagiza nije na tromboni, nami nilidhani anataka wimbo wa dini.

"Baba hayupo wa kukataza," alisema mbele ya watu wote. "Nipigie wimbo wangu, shemeji. Umebaki wewe hapa mjini."

Nilimwambia mimi ni tromboni ya tatu. Akasema anajua, alikuwa akilipigia pasi shati la tromboni ya tatu. Nilimwambia sina wimbo, nina sehemu. Akasema sehemu hiyohiyo, ataridhika.

Utaniuliza kama sikuwa na masikio, mtu aliyekaa katikati ya wimbo ule usiku mia moja. Nilikuwa nayo. Nakumbuka nyuso za watu wa Tulsa. Nakumbuka wahudumu na sinia zao. Nikijaribu kuufuata wimbo wenyewe, naupata hatua tatu, nne, halafu unageuka kuwa wimbo mwingine wa redioni, na kwa aibu natambua kwamba hata zile hatua nne zilikuwa za redio. Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nikihesabu.

Basi nilisimama nikapiga nilichopewa. Sauti nne za chini. Nikashusha tromboni, nikahesabu mapigo thelathini na mawili kwa mguu juu ya zulia la mchungaji. Ni marefu, mapigo hayo, chumba kikiwa kimya. Mtu alikohoa. Mama mmoja alianza kukusanya sahani, mwenzake akamzuia. Nikainua, nikatoa sauti mbili. Nikashusha, nikahesabu kumi na sita. Nikatoa ile moja ndefu, kwa pumzi yote niliyokuwa nayo, na nikaishikilia mpaka mwisho wake, kama alivyonifundisha katika chumba cha nyuma mlango umefungwa. Hicho ndicho kilichobaki mkononi mwangu cha wimbo wa Ozella. Nikakaa, tromboni magotini.

Ozella alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Aliendelea kusikiliza. Kisha akafumbua macho, akanipapasa mkono kwa huruma, kama mtu anayemtia moyo mtoto wa shule ya Jumapili.

"Usiogope, shemeji," alisema. "Haya, sasa anza."